Kalavati, Tairi na Mazoea: Mhadhara kwa Madereva wa Kigoma

Ndugu zangu madereva, mnaopakia hapa Kigoma mkavuka Manyovu, wengine mkafika hadi mashariki ya Kongo, leo tunazungumzia mabomu ya kutegwa barabarani, na nianze na kalavati, lile bomba la maji linalopita chini ya barabara.

Anayetega bomu barabarani huchagua mahali ambapo gari lolote lazima lipunguze mwendo: kona ya mlimani, kivuko, dimbwi ambalo kila dereva hulikwepa kwa upande uleule. Kalavati ndilo baya zaidi, kwa kuwa ukiwa kwenye usukani mdomo wake huuoni. Afghanistan majeshi ya kigeni yaliziba midomo hiyo kwa nondo, maji yapite, mtu asipite. Ilisaidia pale tu walipokuwa wakirudi kukagua, maana nondo ikikatwa usiku, asubuhi aliye juu ya lami hajui.

Dalili za ardhini mnazijua: udongo uliobadilika rangi, kiraka kipya pasipo na mafundi, waya, mawe yaliyopangwa. Mvua moja inafuta nusu yake. Mimi nawaamini zaidi watu. Siku ya gulio soko tupu, watoto hawaonekani, bodaboda wanakatiza porini: simama, uliza. Na usalimie kwanza. Anayeulizwa kwa pupa hujibu tu "njia nzuri".

Ukisimama, usishuke kabla ya kukagua mita 5 kuzunguka gari kupitia dirishani. Ukikaa zaidi, panua ukaguzi hadi mita 20. Ukiona kitu, usikiguse, usikitupie jiwe. Rudi nyuma juu ya alama za tairi zako mwenyewe, angalau mita 300, ujikinge nyuma ya kitu kigumu, uzuie wanaokuja. Simu na redio ya upepo utumie ukishafika huko, si pale pale.

Katika msafara acheni mita 50 hadi 100 kati ya gari na gari. Kwenye mlima ndipo mnapobanana, na hapo mlipuko mmoja hupata magari mawili. La mbele likilipuka, msikimbilie wote: bomu la pili mara nyingi huwasubiri waokoaji.

Je, mifuko ya mchanga sakafuni mwa gari inakinga? Hupunguza vipande vya bomu, lakini pikapu ina tumbo bapa, na mlipuko hulipiga lote. Magari ya kukinga mabomu ya Afrika Kusini na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya miaka ya 1970 yaliinuliwa, yakapewa tumbo la umbo la V ili nguvu ipite pembeni. Mifuko 6 ya kilo 40 ni kilo 240. Punguza mzigo kwa kilo hizo, la sivyo breki zitakuangusha mlimani kabla ya bomu.