Kupata kasi ya kitu kwenye mteremko kwa njia ya nishati

Karibuni. Leo tunatafuta kasi ya kipande cha mbao kinapofika chini ya mteremko, na tutaipata bila kukokotoa mchapuko. Chukua karatasi uchore pamoja nami, maana mchoro ukikaa vizuri kazi iliyobaki ni ndogo.

Chora pembetatu yenye pembe mraba. Kimo mita 3, kitako mita 4, na upande ulioinama, ambao ndio mteremko wetu, mita 5. Weka kipande cha kilo 2 juu kabisa, kikiwa kimetulia. Pale kilipo andika A, chini kabisa andika B. Tafadhali usiruke hatua hii. Kanuni ya uhifadhi wa nishati, kwamba nishati haipotei bali hugeuka sura tu, inalinganisha hali mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na usipoziwekea alama utajikuta umechanganya kimo cha huku na kasi ya kule.

Sasa amua kimo sifuri kiko wapi. Popote panafaa, ila mimi nakiweka B ili nishati tuli ya pale, yaani ile ya kitu kuwa juu, iwe sifuri na hesabu ipungue.

Tukiwa A: nishati tuli ni mgh, ambapo m ni tungamo kwa kilo, g ni mchapuko wa graviti (tunachukua 10) na h ni kimo; yaani 2 × 10 × 3, jouli 60. Nishati mwendo hakuna, kipande kimetulia. Kama uso ni laini na hauna msuguano, tukifika B jouli zote 60 zimegeuka nishati mwendo. Nishati mwendo ni ½mv², v ikiwa kasi, kwa hiyo andika ½ × 2 × v² = 60. Kwa hiyo v² ni 60, na v ni takribani mita 7.7 kwa sekunde.

Simama hapa kidogo, maana hapa ndipo pana utamu. Rudia hesabu kwa herufi: mgh = ½mv². Herufi m iko pande zote mbili, inaondoka, tunabaki na v² = 2gh. Kilo 2 au kilo 200, kasi ni ile ile. Tena angalia: zile mita 5 hatujazitumia popote. Ulaze mteremko uwe mrefu zaidi, mradi kimo kibaki mita 3, kasi ya chini haibadiliki. Galileo aliliweka wazo hili kwenye msingi wa maelezo yake ya mwendo aliyoyachapisha mwaka 1638. Kinachobadilika ni muda wa kushuka, na ukiulizwa muda, rudi kwenye kani na mchapuko, kwa sababu mlinganyo huu hauna muda ndani yake.

Tuingize msuguano, kigawe chake kiwe 0.25, yaani msuguano ni 0.25 ya kani ambayo kipande kinakandamiza uso. Uzito wa kipande ni nyutoni 20, lakini usizidishe 20 kwa 0.25! Uso ulioinama haubebi uzito wote. Unabeba 20 mara kosaini ya pembe ya mwinamo, na kosaini yetu ni 4 kwa 5, hivyo nyutoni 16. Msuguano ni 0.25 × 16, nyutoni 4. Kipande kinasuguana njia nzima, kwa hiyo sasa ndipo mita 5 zinaingia: nishati inayochukuliwa ni kani mara umbali, 4 × 5, jouli 20.

Jouli hizo hazikupotea. Zimekuwa joto kwenye mbao na kwenye uso, joto dogo mno kiasi kwamba hata zote zikibaki ndani ya kipande, hakitapanda nyuzi moja. Kwenye hesabu, hata hivyo, ni theluthi nzima ya nishati tuliyoanza nayo.

Andika 60 = 20 + ½ × 2 × v². Nishati mwendo ni jouli 40, na v ni takribani mita 6.3 kwa sekunde.

Je, kipande kikiendelea kwenye sakafu tambarare yenye kigawe kile kile, kitasimama wapi? Paite C. Sakafuni uso unabeba nyutoni zote 20, msuguano unakuwa nyutoni 5. Gawanya 40 kwa 5: mita 8.

Hakiki kwa kuruka B kabisa, kutoka A hadi C. Mwanzo jouli 60. Mteremko umechukua 20, sakafu 5 × 8, yaani 40. Jumla 60, na kipande kimesimama.