Bima ipo, mbona upasuaji haufanyiki?

Mwangaluka ndugu zangu. Niko likizo nyumbani Mwanza, nimetoka Marekani; hapo nyuma ni Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, na huo upepo wa ziwa mtauvumilia.

Swali ni lile lile: "Dada yetu yuko Marekani, ana bima, anataka upasuaji wa kupunguza uzito, mwaka wa pili huu hafanyiwi. Anatuficha nini?" Najua nikijibu, nusu yenu mtasema naringishia Marekani, nusu mtasema nalalamika wakati wenzangu wako foleni hospitali ya Bugando. Semeni tu. Mimi nazungumzia makaratasi.

Kuwa na bima si kulipiwa. Kuna bima za waajiri zilizoutoa kabisa upasuaji huu kwenye mkataba, na hapo hata uwe na kilo 200 hawana habari na wewe. Kwa hiyo kabla ya daktari, piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima. Usiulize kama wanalipia unene, utajibiwa chochote. Kila upasuaji una namba yake kwenye makaratasi ya bima: uliza kama wanalipia namba 43775, ndiyo ya kukata mfuko wa chakula kwa matundu madogo. Ile ya kuunganisha kifuko kidogo na utumbo ni 43644. Waambie wakutumie masharti kwa maandishi, na uandike jina la aliyekujibu na tarehe.

Bima nyingi bado zinashika kipimo cha mwaka 1991: BMI (uzito wako ukilinganishwa na urefu) 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Wataalamu walikishusha mwaka 2022, bima hazina haraka. Mama wa mita 1.65 mwenye kilo 110 ana 40.4, kapita. Wa kilo 96 ana 35.3, huyo lazima ugonjwa uonekane kwenye faili. "Nakoroma sana" haihesabiki mpaka alale na kifaa cha kupima pumzi.

Sasa panapovunja watu moyo ni miezi ya uangalizi wa lishe. Kuna bima hazidai, nyingine mitatu, nyingine sita mfululizo. Mfululizo maana yake kila mwezi wa kalenda uwe na ziara, uzito uliopimwa siku hiyo, mlichozungumza kuhusu chakula na mazoezi, na sahihi. Daktari akisahau kuandika uzito, mwezi huo umekufa. Ninyi huku mnamwita harusini Igoma: anaondoka tarehe 28 Novemba, anarudi tarehe 5 Januari. Desemba imetoboka, anaanza upya. Juu yake kaongeza kilo 4 za sato wa kukaanga na ubwabwa, na zipo bima zinazosoma hapo kwamba hajajitahidi. Halafu eti anawaficha.

Vipimo vya damu, moyo, tezi, vitamini D na B12 mnavijua. Kinachowachelewesha watu wetu ni H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo. Dawa kwa kawaida ni siku 14, kisha unasubiri angalau wiki 4 ndipo upime tena, na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, uwe umeiacha wiki 2 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema umepona na hujapona. Nikotini nayo inapimwa. Bibi wa ugoro, ugoro unaonekana.

Kuna pia mwanasaikolojia wa kukupima kabla ya upasuaji; watu wanamwogopa kama hakimu, wanajibu "sina shida yoyote". Jibu hilo ndilo linalomtia shaka. Anataka kujua kama unakula usiku ukiwa na mawazo, kama unakunywa pombe, nani atakuwa nawe ukitoka hospitali. Pia kama unaelewa kwamba vitamini ni za maisha yote, mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na diclofenac ya mgongo inaweza kukuletea kidonda, hasa kwa ule upasuaji wa kuunganisha utumbo. Anayesema "nikitoka zamu ya usiku nakula hovyo, sasa nabeba chakula changu" anaeleweka zaidi.

Na akili haisubiri chumba cha upasuaji. Anza sasa kutafuna polepole, na maji uyatenge na chakula kwa nusu saa. Kwetu gumu zaidi ni kurudisha sahani ukweni. Ugali wa mwenyeji unaukataaje? Huo mdomo wa kukataa ufundishwe mapema.

Ombi la bima kulipia upasuaji likikataliwa, mara nyingi una siku 180 za rufaa. Soma sababu kwenye barua, ongeza karatasi iliyokosekana, mwombe daktari wako aongee na daktari wa bima. Wakigoma, mara nyingi una miezi 4 ya kuomba mtu asiye wa kampuni ya bima alipitie. Ila kila mtu na bima yake, mimi sisemei ya dada yako.

La mwisho ni hela. Ile sehemu unayolipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, kwa bima nyingi inarudi sifuri Januari. Aliyelipia vipimo Novemba akapasuliwa Januari analipa mara mbili. Kwa hiyo mwezi huo akisema ada ya mtoto wa shangazi hana, hana kweli.