Chombo Kikilala Juu Masika: Unyevu Unavyoingia na Namna ya Kuuzuia

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mabwana na mabibi, nakushukuruni kwa kuitikia wito.

Masika inabisha hodi. Kuanzia mwezi wa Machi mpaka Mei, na wengine mpaka kusi litulie, vyombo vingi vya bahari vya hapa Pemba vitakuwa juu, vimepandishwa nchi kavu. Wenzetu wa Ulaya hupandisha boti zao wakati wa baridi, na hofu yao kubwa ni maji kuganda na kupasua injini na mabomba. Sisi hatuna barafu. Tuna joto na mvua kwa pamoja, na hivyo viwili ndivyo kuvu inavyovitaka.

Nimekuja na kipande hiki cha taruma, yaani ubavu wa ndani wa mashua. Kipokeeni, mpitishiane. Upande wa juu rangi bado inang'ara. Kigeuzeni, mtie ukucha upande wa chini: mbao inameguka vipande vidogo vya kahawia. Taruma hili halikuharibiwa na bahari. Limeozea nchi kavu, chini ya turubai, na mwenyewe akiamini amelisitiri.

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu haistawi katika chumvi. Inataka maji ya mvua, hewa kidogo na mbao yenyewe. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ikipindukia 30 na ikabaki hivyo, kazi imeanza. Ndiyo maana mashua huanza kuoza juu, kwenye darumeti, zile boriti za kukingama, na vichwa vya mataruma, mahali ambapo mvua hutuama, wakati mkuku, uti wa chini wa chombo, unaoshinda baharini bado mzima. Marikebu za mbao zilizoundwa Marekani katika karne ya 19 zilijazwa chumvi baina ya mataruma kwa sababu hiyo hiyo. Basi mwenye mashua ya mbao, kabla ya kuifunika, aisuuze ndani kwa maji ya bahari. Asiisuuze kwa maji ya mfereji.

Mwenye boti ya faiba afanye kinyume chake, na hapa nawaomba sana msichanganye. Faiba haiozi, lakini chumvi iliyokauka juu ya viti, magodoro na nyaya huvuta unyevu wa hewani. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 chumvi hiyo huyeyuka ikawa maji tena, na masika yetu hufika hapo kila usiku. Kwa hiyo boti ya faiba ioshwe kwa maji matamu, kisha ikaushwe kabisa.

Na msidanganyike kwamba faiba haina mbao. Boti nyingi zina plaiwudi ndani ya ukuta wa tezi, yaani nyuma ya boti, pale injini inapofungwa, na nyingine chini ya sakafu. Maji huingia kwa matundu ya boliti, hayaonekani, wala hayatoki. Gongagonga tezi kwa mpini wa kisu. Palipo pazima panalia. Palipolowa panajibu kwa sauti nzito, iliyokufa. Ukiisikia hiyo, fungua boliti, acha pakauke, kisha ziba kwa gundi ya boti kabla mvua haijaanza.

Sasa nije kwenye turubai, maana hapo ndipo vyombo vingi vinapofia. Tunalilaza juu ya chombo, tunalikaza kwa kamba mpaka chini, tunaweka mawe, tunakwenda zetu. Mchana jua linapasha, unyevu wa ndani unapanda. Usiku turubai linapoa, na unyevu ule unageuka matone, kama chini ya kifuniko cha sufuria. Mvua haikuingia hata tone, na chombo kimelowa. Mimi nasema wazi: afadhali chombo kilichofunikwa nusu, kinachopitiwa na upepo, kuliko kilichofungwa chote.

Weka boriti juu kwa juu, kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, turubai lipite juu yake lisiguse ubao. Pembeni literemke kupita ukingo, lakini libaki wazi kwa chini. Omo na tezi pawe na midomo ya kupitisha upepo, iliyotangulizwa kidogo mbele ili mvua ya kusi isipige ndani. Aliye na uwezo wa banda la makuti ajenge: makuti hupumua, tena hukinga mbao na jua kali, ambalo likizidi hukausha mbao kupita kiasi na kalafati, ile pamba ya kuziba baina ya mbao, ikaachia.

Chombo kikae kwenye magogo, omo juu, tezi chini, nguruzi, kizibo cha tundu la kutolea maji, imetolewa. Ifungeni kwenye msukani, isije ikasahauliwa siku ya kushusha. Vile vitundu vya chini ya mataruma vinavyopeleka maji kwenye ngama, shimo la chini yanapokusanyika maji, vichokonoeni kwa waya. Tope kidogo tu likiziba, mvua ya siku moja inabaki humo miezi miwili.

Vinavyonyonya maji vyote vitoke: matanga, kamba, magodoro, majaketi. Tanga lisikunjwe bichi. Mbao za sakafu ziinuliwe, milango ya makabati iachwe wazi. Betri ipelekwe nyumbani. Injini ya nje isuuzwe kwa maji matamu, kisha isimame wima ili maji yashuke. Tangi la dizeli lijazwe, kwani tangi tupu hukusanya matone ya maji ndani. Vile vidonge vya kunyonya unyevu vinafaa kwenye kisanduku kilichofungwa tu. Katika mashua iliyo wazi ni kupoteza fedha.

Kisha mtu aende akaangalie. Kila baada ya mvua kubwa, siku ya kwanza ya jua, funua, pitisha mkono chini ya darumeti, nusa. Harufu ya kuvu hutangulia kabla ya jicho kuona. Ukikuta ukungu mweupe, ufute kwa siki, acha jua lipige mpaka jioni.

Mashua iko hapo nje, na turubai na boriti zipo. Vijana wanne wanisaidie kuinua, na wengine leteni maswali huko huko.