Itoeni Kidakani: Mhadhara wa Ngomeni kuhusu Olympus Pen

Waleikum salaam. Sogeeni mbele, viti viko. Feni hii ina sauti kuliko mimi, na sina nia ya kushindana nayo.

Wanaonijua wameshaanza kucheka. "Yule bwana na kamera zake tena." Naam, tena. Nitalisema jambo hili mpaka siku nitakayoingia nyumba ya Lamu nisikute kamera imepangwa kwenye kidaka cha ukutani kama sahani ya Kichina. Sahani haina gia wala springi, na ukiiacha miaka mia itabaki sahani. Kamera ukiiacha miaka kumi katika hewa yetu hii ya chumvi, umeiua.

Hii ninayoipitisha ni Olympus Pen ya kwanza kabisa, muundo wa 1959. Ishikeni, lakini lenzi msiiguse, tafadhali. Ewe kijana, nimesema nini? Ahsante.

Historia ya kamera kwa jumla siielezi, mna simu mifukoni. Nitakwenda moja kwa moja kwa Maitani Yoshihisa, aliyeibuni. Aliingia Olympus mwaka 1956, angali kijana, na bei iliyolengwa ya kamera yake ilikuwa yeni 6,000. Sasa fundi wa kawaida akipewa bei ndogo anaanza kupunguza wapi? Kwenye lenzi, maana mnunuzi haijui. Maitani alikataa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Leica, ile kamera ya Kijerumani, na alitaka kitu kidogo cha kubeba pamoja na Leica yake, kisichomtia aibu picha zikiwekwa pamoja. Basi lenzi ikawa ya vioo vinne, milimita 28, na ikala sehemu kubwa ya pesa. Akabana kwingine. Angalieni nyuma: hakuna mkono wa kuvuta filamu, kuna kigurudumu cha kusukuma kwa kidole gumba. Mfuniko wa nyuma hauna bawaba, unachomoka wote. Shata, vile vibati vinavyofunguka kuingiza mwanga, ina kasi nne tu na ile ya kuachia wazi. Kila kilichoondolewa kiliondolewa kwa hesabu.

Na jambo lililoipa sifa: picha ni milimita 18 kwa 24, nusu ya zile za kamera nyingine za filamu hiyo hiyo. Roli ya picha 36 inakupa 72.

Hapo ndipo huwa nasikia, "Lakini ni nusu kamera." Ngojeni. Filamu hii ilitoka kwenye sinema, na picha ya sinema ilikuwa 18 kwa 24 tangu mwanzo. Oskar Barnack wa Leica ndiye aliyeziunganisha mbili akapata 24 kwa 36, na Leica yake ikatoka sokoni 1925. Kwa hiyo Maitani hakukata kitu cha mtu, alirudi kwenye kipimo cha kale. Chembe za filamu zitaonekana zaidi? Zitaonekana, ukikuza picha iwe kubwa kama mlango. Nani kati yenu anatundika picha kubwa kama mlango?

Halafu, ukiishika Pen kawaida, kwa ulalo, picha inatoka imesimama wima. Watu wa nchi za mitaa mipana wanalalamika. Sisi tulalamike nini? Ingia vichochoro vya Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, uniambie kuna nini cha kupiga kwa ulalo. Kuta mbili, mlango wa nakshi, mtu na punda wake, na kipande cha mbingu juu. Kila kitu kimesimama.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu.

Mwaka 1961 ilikuja Pen EE, na hizi ndizo mnazo wengi. Kuzunguka lenzi kuna kioo chenye vijicho vijicho. Chini yake ni seleniamu. Mwanga ukiipiga inatoa umeme kidogo sana, unasogeza mshale ndani, na mshale ndio unaoamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani. Betri hakuna. Giza likizidi, ukibonyeza kitufe shata inagoma na ndani ya kidirisha unainuka ulimi mwekundu. Kamera inakwambia hapana! Mwaka 1961, bila betri, chombo kinakukataza kupoteza filamu yako. Simu zenu za leo zinapiga hata mfukoni.

Kwa hiyo mtu akikuletea EE, usitazame inavyong'aa. Ziba vile vijicho kwa kiganja, bonyeza: ulimi uinuke, shata igome. Kisha elekeza dirishani, bonyeza: ilie. Ikilia hata umeziba, kuna kasoro ndani. Ikigoma hata mbele ya jua la bandarini, seleniamu imekwisha au waya umeliwa na unyevu, na aliyekuuzia alijua.

Ni nani anayeiua? Mfuko wa ngozi. Nimesema na nitasema. "Lakini ndio mfuko wake wa asili, unaongeza thamani." Thamani kwa nani? Ngozi inanyonya unyevu wa masika wote, inauweka karibu na lenzi, mle ndani giza, joto, hewa haipiti. Koga wanataka nini zaidi? Kama mnataka mfuko, uwekeni kabatini peke yake. Kamera ikae kwenye kopo la plastiki linalofunga sawasawa, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ambavyo nyote mnavitupa. Na kila wiki mbili tatu itoe, izungushe, ilize shata kasi zote. Mafuta yakilala yanaganda, na vibati vya shata vikigandana ni kazi ya fundi, na fundi wenyewe wamebaki wangapi?

Alikuja kwangu bwana mmoja na EE ya marehemu baba yake, mfukoni mwa ngozi bila shaka. Kabla sijamwambia neno akachomoa mfuniko wa nyuma anionyeshe ilivyo safi ndani. Ndani mlikuwa na filamu. Haijaoshwa. Nilipiga kelele nikaurudisha mfuniko, lakini mwanga ulishaingia. Baba mtu alikuwa na kila sababu ya kubeba kamera ile, harusi, maulidi, wajukuu, na chochote alichokipiga mwisho tulikichoma pale pale mezani, mchana kweupe. Yule bwana akaniuliza, "Sasa thamani yake imepungua?" Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Kwa hiyo, nawaomba: kabla ya kufungua kamera yoyote ya urithi, shika kile kitufe cha kurudishia filamu, kizungushe polepole. Kikiwa chepesi, hamna kitu. Kikikaza, simama hapo hapo! Rudisha filamu yote, kisha tafuta wa kuiosha. Filamu ya zamani hupoteza nguvu, lakini picha mara nyingi haifutiki kabisa.

Na ndio maana wakusanyaji wa mabati, wanaotaka kamera tupu bila picha zake, wananichosha. Mji huu ulikuwa na Bakor Studio. Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha picha kwa mkono, mtu anatokea mahali ambapo hapatokei mtu, miaka na miaka kabla ya kompyuta. Hayo ndiyo ya kukusanya: negativu, karatasi, bahasha zenye majina nyuma. Waulizeni mama zenu masanduku yako wapi, leo, kabla mchwa hawajayauliza.

Naoneshwa saa. Haya. Pen F, 1963, ile unayotazamia kupitia lenzi yenyewe, sitaitendea haki: kioo chake cha ndani cha kuakisi kinageukia ubavuni, ndio maana kichwani haina nundu, na shata yake ni kibati cha titani kinachozunguka, fleshi inakubali kasi zote mpaka 1/500. Ni nzuri mno na hamna pesa yake, tuendelee. Kwa nini hizi nusu zilififia miaka ya sabini? Kamera za picha nzima zilikuwa zimeshaanza kuingia mfukoni, Rollei 35 ilitoka 1966, na filamu ikawa rahisi. Leo filamu ni ghali tena, na Pentax wametoa kamera mpya ya nusu mwaka 2024. Nilikuwa na mengi kuhusu filamu ya rangi, hayo basi.

Maswali mawili, maana magharibi imekaribia. Bei za kuuzia sizijui, na ningezijua nisingesema. Wewe ami, hapo nyuma, mwenye mfuko wa ngozi. Nimekuona tangu mwanzo.