Majani, nitrati ya fedha na maji ya bomba
Mhadhara kwa wanafunzi wa kemia, Lubumbashi

Asanteni, kaeni. Waliokwisha kunisikia wanajua nitaanzia wapi. Wanivumilie tena.

Kila mwaka naletewa TFC ileile, kazi ya kumaliza masomo: nilichemsha majani ya mapera, nikachuja, nikatia nitrati ya fedha, rangi ikageuka kahawia, basi nimepata chembe nano, yaani chembe za fedha ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Wapi! Umepata kahawia. Chembe bado hujanionyesha.

Ni kweli, polifenoli za jani, yaani kemikali zake za asili, huipa ioni ya fedha elektroni, na vitu vilevile vya jani huzizunguka chembe zisigandane. Hayo mnayajua. Chembe za fedha hunyonya mwanga kwenye nanomita 400 hadi 450 hivi, ndiyo maana tunaona manjano au kahawia. Lakini maji ulitoa wapi? Bombani! Maji ya bomba yana kloridi, ile iliyomo hata kwenye chumvi ya jikoni. Kloridi ikikutana na ioni za fedha, papo hapo unaona ukungu mweupe, kloridi ya fedha. Uache dirishani jua liupige: unaingia zambarau, kisha unakuwa mweusi mweusi. Jani halijafanya lolote. Wapiga picha wa zamani walikula mkate wao kwa jambo hilohilo, na hawakuwa na jani hata moja.

Najua utasema: "Profesa, mimi nilitumia maji ya distile." Vizuri, mwanangu. Na jani? Jani nalo lina kloridi yake ndani. Tena umelichuma Penga Penga, hapa mjini, limebeba vumbi la madini, na hukuliosha. Kwa hiyo nataka chupa tatu: mchujo bila fedha, fedha bila mchujo, na vyote viwili. Zipashwe moto pamoja, zikae pamoja, kisha urudie zote gizani. Ni gharama gani hapo? Chupa tu! Halafu ndiyo twende kwenye spektra, kupima mwanga unaonyonywa. Na atakayepata mlango wa maabara yenye difraksheni ya eksirei, mionzi inayoonyesha mpangilio wa atomi, asilale, maana hiyo ndiyo itakayotenganisha fedha na kloridi yake.

Andikeni pia jani: mti gani, mwezi gani, changa au komavu. Jani la Agosti, kiangazi kimekaza, si jani la Januari. Mwenzako wa Kolwezi atarudiaje kazi yako?

Naona saa. Shaba ndiyo mliyoijia, najua, tuko Lubumbashi, mji wa shaba. Kwa haraka: shaba haikubali elektroni kwa urahisi kama fedha, uwezo wake wa kuvuta elektroni ni volti 0.34, wa fedha 0.80, na ikipata hewa inakuwa oksidi. Ukiniletea shaba tupu kutoka chupa iliyo wazi, tutazungumza sana. Ua la shaba, Haumaniastrum katangense? Limeota juu ya shaba. Utajuaje ipi ni ya udongo na ipi ni yako?

Kobalti, siku nyingine.

Na hii "njia ya kijani", ya kutumia majani: borohidridi, ile kemikali kali inayotoa elektroni, tumeiacha, sawa, lakini ioni za fedha zinaua samaki vilevile. Msimwage kwenye sinki. Kusanyeni mabaki yote katika chupa moja, tieni chumvi ya jikoni, kloridi ya fedha itatua chini, mpelekeeni asistanti. Kopo la mabaki hayo liko kwenye kabati la kushoto.