Do Ile Ile, Mahali Pengine

Nalirudia tena, na mliokwisha kunisikia mnivumilie: skeli, yaani ngazi ya noti do, re, mi hadi do ya juu, unayoijua mahali pamoja tu kwenye shingo ya gitaa, bado hujaijua.

Wengi humu darasani mnapiga C meja, skeli ambayo do yake ni C, kuanzia uzi wa 5 (wa 6 ndio mnene kuliko zote), freti ya 3, yaani nafasi ya tatu kati ya vyuma vya shingo, kidole cha kati. Mnapanda vizuri hadi uzi wa 3, freti ya 5, mnashuka, mnaridhika. Do hiyo hiyo, kwa sauti hiyo hiyo, ipo pia uzi wa 6, freti ya 8. Anzia hapo, vidole havibadiliki hata kimoja. Ndipo mtu anapodhani amemaliza kazi.

Haya, nenda uzi wa 4, freti ya 10, upande vile vile. Do, re, mi, fa, so, sawa. La inatoka nusu toni chini, yaani freti moja, na pale ulipotegemea do, unaikuta ti. Gitaa halijaharibika! Kati ya uzi wa 3 na wa 2 pana tofauti ya freti 4, wakati nyuzi nyingine zote zinapishana kwa 5. Kwa hiyo ukivukia uzi wa 2, sogeza mkono freti moja mbele: la kwenye 10, ti kwenye 12, do kwenye 13. Anayefuata umbo kwa macho atakwama hapo kila siku. Anayeimba huku anapiga atalisikia kosa kabla sijafungua mdomo. Ndiyo maana nang'ang'ania muimbe noti, kwa sauti, hata jirani akigonga ukuta.

Najua kuna atakayesema wakongwe wa muziki wa dansi hawakuhangaika na skeli. Msikilize Nico Kasanda, mpiga gitaa wa bendi ya Kongo, African Jazz: noti mbili mbili zinapanda shingo nzima, na ufunguo, yaani do ya wimbo, haupotei. Kama alifundishwa darasani au alimtazama kaka yake, hilo halinihusu. Huwezi kupiga hivyo bila kujua mi yako iko wapi kwenye kila uzi. Na ukiwa solo wa pili, mpiga gitaa anayemsaidia yule wa solo, mwenzako ameshakalia freti za chini, wewe utakwenda wapi? Umbanie pale pale?

Metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo: 60 kwa dakika, noti moja kila pigo, msikimbie. Skeli za G na F nilitaka kuzigusa, muda umekwisha. Shikeni magitaa. Uzi wa 4, freti ya 10, na nisikie sauti zenu.