Jiwe la Kilimanjaro ndani ya kasri la Potsdam

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo! Karibuni tena kwenye chaneli yetu. Leo tuko Potsdam, mji uliopakana na Berlin upande wa kusini-magharibi, ndani ya bustani ya Sanssouci. Wengi mmekuwa mkiniomba niwaonyeshe makasri ya wafalme huku Ujerumani. Nimechagua hili kwa sababu maalumu, nayo iko mwisho kabisa wa bustani, kwa hiyo tutatembea.

Usafiri kwanza. Ukitokea Berlin panda treni ya S7 mpaka kituo kikuu cha Potsdam. Hakikisha tiketi yako ni ya kanda ABC, maana ile ya AB haifiki huku, na wakaguzi hawana simile. Kutoka kituoni kuna basi namba 695. Bustanini unaingia bure, unalipia majumba tu.

Haya, tazameni hapa mbele yangu. Huu ulikuwa mlima wa mizabibu. Friedrich wa Pili, mfalme wa Prusia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, aliukata ngazi sita kubwa kama makonde ya milimani kwetu, kisha juu yake akajenga kasri hili la Sanssouci kati ya 1745 na 1747. Ni nyumba ya chini, haina ghorofa, maana alitaka akifungua mlango akanyage bustani moja kwa moja. Sogeeni muone ukutani: kuna vijumba vyenye milango ya kioo, na ndani yake mitini. Baridi ikija wanafunga milango, mti unasalimika. Tini, jamani, Ujerumani!

Na hili bamba la jiwe pembeni ndilo kaburi lake. Mnaona viazi? Viazi mviringo vibichi, hivi hivi vya kukaangia chipsi, watu wameviweka wenyewe. Wanamkumbuka kwa kuwahimiza wakulima wake walime viazi. Aliusia azikwe hapa, karibu na mbwa wake. Alifariki 1786, mrithi wake akamzika kanisani kando ya baba yake. Wosia ulitimizwa Agosti 1991, baada ya miaka 205.

Ile chemchemi pale chini naye hakuifaidi. Mafundi wake walishindwa kuyapandisha maji. Yalikuja kuruka vizuri katika miaka ya 1840, ilipofungwa mashine ya mvuke kando ya mto Havel. Nyumba ya mashine ile ina kuba na mnara, ukiipita utadhani msikiti, kumbe mnara ndio bomba la moshi.

Sasa tushike njia hii kuu iliyonyooka. Ni kilomita mbili na ushee, vaeni viatu vya maana.

Tumefika. Hili ndilo Neues Palais, lilijengwa 1763 hadi 1769, na hapa ndipo alipokaa Kaizari Wilhelm wa Pili mpaka 1918. Ndiyo, yule yule ambaye mababu zetu walitawaliwa kwa jina lake. Humo ndani kuna ukumbi ambao kuta na nguzo zake zimepambwa kwa makombe ya baharini, madini na vito, safu kwa safu. Na katikati ya hayo yote, ukutani, Kaizari aliweka jiwe la kilele cha Kilimanjaro.

Tarehe 6 Oktoba 1889, wapanda milima wawili, Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria, walifika kileleni Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Kilimanjaro. Meyer akakiita kilele kwa jina la Kaizari, akachukua jiwe, akaja kumkabidhi. Nimesimama mbele ya ukuta ule na moyo umenienda mbio, ndugu zangu. Huo ni mlima wetu! Na linaloumiza zaidi, jiwe lililopo leo si lile. La asili lilipotea, likawekwa jingine mahali pake. Mlima ulichukuliwa kipande, na aliyechukua hakukitunza.

Jina tulishalirudisha wenyewe. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge kileleni, na leo panaitwa Uhuru. Lakini jambo moja bado linanikera. Wazungu wale wawili hawakuwa peke yao. Msafara ulikuwa na wapagazi na waongozaji, ulipita Marangu kwa Mangi, yaani mtawala wa Wachaga, Mareale, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kambini kule juu kwenye baridi kali wenzake waliposhuka. Watu hawa wanastahili kutajwa kila jiwe lile linapotajwa, iwe hapa Potsdam au kwenye vitabu vya shule zetu.

Mkija, kumbukeni Neues Palais hufungwa Jumanne, na Sanssouci Jumatatu. Watu wa Marangu, Kilema, Machame na Pangani, nina ombi. Kama nyumbani kuna babu au bibi anayesimulia habari za waliombebea Meyer mizigo, mkalishe, mrekodi kwa simu, kisha niandikieni hapo chini majina na kijiji. Nataka video ijayo niyasome yote, jina kwa jina, nikiwa nimesimama hapa hapa.